Shule hutupa ujuzi, au cheti tu?

Kwa nini aliyesoma hulipwa zaidi? Wachumi wana majibu mawili, na yanagongana.

Gary Becker, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 1992, aliiona elimu kama mtaji: masomo huongeza uwezo wa kuzalisha, na mwajiri huulipia. Michael Spence, mwaka 1973, alikuja na jingine. Mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mwombaji kazi, basi huangalia cheti. Kwa mwenye kipaji masomo ni mzigo mwepesi, kwa mwingine ni mateso. Hivyo cheti huwachuja watu hata kama darasani hawakujifunza lolote linalohitajika kazini.

Kwa mshahara wako wewe, nadharia zote mbili zinasema utapanda. Tofauti iko kwa jamii nzima. Kwa Becker, shule mpya huongeza utajiri wa wote. Kwa Spence, vyeti vikijaa mwajiri hukaza masharti tu, na kazi ya mwenye sekondari ikaanza kudai shahada. (Hilo nani hajaliona?)

Mchumi Esther Duflo alichunguza zaidi ya shule 61,000 za msingi zilizojengwa Indonesia miaka ya 1970, akakuta kila mwaka wa masomo uliongeza mshahara kwa takribani asilimia 6.8 hadi 10.6. Haimalizi ubishi, ila kwa elimu ya msingi mimi niko na Becker: kusoma na kuhesabu ni ujuzi halisi. Chuo kikuu, ambako mwaka wa kuhitimu mara nyingi huongeza mshahara zaidi kuliko mwaka uliotangulia, Spence ana hoja nzito.