Programu za Siku Salama: Kijani Hiki Usikiamini Haraka

Karibuni tena ndugu zangu. Wageni, bonyezeni kengele hapo chini, tupo hapa kila Jumapili. Leo nina hasira, nawaambia mapema.

Mmeniuliza sana kuhusu programu za simu za kuhesabu mzunguko wa hedhi, kwa sisi tusiotaka sindano wala vidonge vya kuzuia mimba. Kupakua na kuweka nywila mnajua, naruka. Nataka muone kitu kimoja tu: hii rangi ya kijani.

Sogeeni muone kioo. Hii ni ya bure, jina silitaji. Nimefuta kila kitu, naanza upya. Naiambia hedhi ilianza tarehe 1. Basi! Sijaweka joto la mwili, sijaandika habari ya ute wa ukeni. Sasa nashuka mpaka tarehe 17. Mnaona? Kijani, eti siku salama, huwezi kushika mimba. Imejuaje? Imechukua mzunguko wa siku 28, ikarudi nyuma siku 14, ikakisia yai limetoka siku hiyo, ikapaka rangi.

Haya, tazameni daftari langu la mwezi uliopita. Natumia kipimajoto cha desimali mbili, si kile cha homa. Nakiweka chini ya ulimi nikiamka tu, sijanyanyuka, hata maji sijanywa. Siku ya 16, 36.27. Siku ya 17, ile ya kijani, 36.32. Bado liko chini! Siku ya 20, 36.29, na ute unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Siku ya 21 ndipo likapanda, 36.58. Kesho yake 36.61, kisha 36.60.

Joto hupanda yai likishatoka, na mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mpaka siku 5. Hesabu mwenyewe dada yangu: aliyeamini kijani cha siku ya 17 yuko wapi sasa? Mwezi ule nilikuwa namuuguza mama, usiku silali, na yai likachelewa. Kalenda ingejulia wapi?

Wapo wanaojitahidi. Programu ya Natural Cycles ya Uswidi, mwanzilishi wake mmoja, Elina Berglund, alikuwa mwanafizikia kule CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya. Ilipata idhini ya kuzuia mimba Ulaya 2017, na ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, 2018. Ile inataka joto lako, na ikiwa na shaka inakupa nyekundu, yaani tumia kinga. Hapo ndipo ninapoipendea! Ila ni ya kulipia, na kwa matumizi ya kawaida inazuia mimba kwa asilimia 93, yaani wanawake 7 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka.

Na zile shanga za mzunguko, msizidharau. Ushanga mwekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, unasogeza kipete cha mpira kila siku, na kwenye nyeupe, siku ya 8 mpaka ya 19, hakuna tendo bila kinga. Zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Hazili bando, wala hazimpelekei mtu siri zako.

Nilikuja nikitaka kuwaambia ifuteni hii ya bure. Hapana, kwa kukumbuka tarehe ya hedhi iacheni, hata mimi naiacha. Kwa kuzuia mimba, siitaki. Mama unayenyonyesha, mzunguko wako bado unayumba, muone kwanza muuguzi wa uzazi wa mpango. Na Virusi vya Ukimwi havizuiliwi na programu yoyote, kondomu iko palepale.

Kipimajoto nilizunguka maduka ya dawa manne ndipo nikakipata. Kabla hujalipa mwambie muuzaji akiwashe, uone tarakimu mbili baada ya nukta. Jumapili ijayo tunasoma chati pamoja: joto tatu za juu dhidi ya sita za chini. Njooni na madaftari.