Bisoprololi, na duka la dawa la Tabora linalouliza kabla ya kuuza

Natathmini vitu viwili kwa pamoja: bisoprololi, dawa ya jamii ya beta bloka ambayo mama yangu anaitumia kwa sababu moyo wake umepanuka na presha yake iko juu, na duka la dawa lililo jirani na stesheni ya Tabora ambako tunainunua.

Dawa za jamii hii huizuia adrenalini isiuchochee moyo, hivyo mapigo hupungua kasi na moyo huhitaji oksijeni kidogo zaidi. Propranololi, dawa nyingine ya jamii hii iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960 na kuchangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988, hugusa pia njia za hewa. Bisoprololi hulenga zaidi moyo, ingawa mwenye pumu bado anapaswa kumweleza daktari. Kwa presha isiyo na ugonjwa wa moyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 hutanguliza makundi mengine ya dawa, kwa hiyo simshauri mtu ainunue kwa sababu tu imemfaa jirani.

Kwa moyo wa mama imefaa sana, lakini taratibu. Alianzishiwa miligramu 1.25 kwa siku, dozi ikapandishwa kidogo kidogo na daktari, na mwanzoni alichoka kuliko kabla ya kuianza, huku mikono ikiwa ya baridi. Sasa anapanda ngazi za nyumbani bila kuhema.

Hapo ndipo huduma ya duka ilipotusaidia. Mfamasia hakuridhika na cheti peke yake: alimshika mama kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha akauliza, "Mama, umewahi kubanwa na pumu? Sukari je?" Alieleza kwamba dawa hii yaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio pale sukari inaposhuka, ila jasho hubaki, basi aliangalie hilo. Akasisitiza kwamba asiiache ghafla hata akijisikia mzima, maana moyo unaweza kurudi kwa kasi na kumletea maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Maneno hayo angepaswa kuyasikia kila anayekabidhiwa dawa hizi. Katika duka jingine tulipewa pakiti bila neno lolote.

Kasoro ya duka hili la stesheni ni moja, nayo ni kubwa kwa wanaoanza dozi ndogo: vidonge vya miligramu 2.5 huadimika, na vya miligramu 5 vikikatwa robo kwa wembe, vipande havilingani na vingine husagika. Wanaotoka Sikonge au Urambo wapige simu kwanza, na wote tununue mapema kabla pakiti haijaisha.