Filta ya hewa ya nyuzi laini kwenye loda ya kokoto: miezi kumi Lugoba

Injini ya loda yangu, mashine ya kupakia kokoto kwenye machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani, ilifunguliwa ikiwa na saa 2,800 tu za kazi. Wenye mashine wanajua maana yake: injini ya aina hiyo ikitunzwa inatarajiwa kufika saa 10,000 na kupita. Fundi aliingiza kidole kwenye hosi ya hewa, ile inayotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), sehemu inayotakiwa kuwa safi kabisa. Akakitoa cheupe. Vumbi laini kama poda ya mtoto. "Mama," akaniambia, "hili ndilo lililokula ringi zako."

Ringi zenyewe, zile zinazozunguka pistoni, zilikuwa nyembamba, zina makali kama wembe. Slivu, mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilikuwa zimelika upande wa juu hadi kucha inakwama kwenye ngazi iliyobaki. Oili ukiisugua kati ya vidole viwili unasikia mchanga. Ovaholi ilinigharimu milioni 14, na wiki tatu krasha, mashine ya kusaga mawe, ikalishwa na loda ya kukodi kwa hela yangu.

Nilidhani natunza. Kila jioni opereta wangu alikuwa anatoa filta, anaipuliza kwa kompresa mpaka vumbi linaisha kutoka, anairudisha. Filta ya karatasi niliyonunua elfu 90 nilikuwa naitembeza saa 500 na zaidi kwa mtindo huo, na nikijisifia kwamba nabana matumizi. Kumbe ndipo nilipokuwa nikiiua injini.

Maelezo niliyopewa na fundi, na ambayo baadaye nimeyaona kwa macho yangu, ni haya. Karatasi ya filta ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzi za mti zenye unene wa maikromita 10, 20 na zaidi (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zimelaliana ovyo, na kati yake kuna matundu makubwa. Unywele wa mtu una kama maikromita 70, kwa hiyo hizo nyuzi si nene kwa jicho letu, ila kwa vumbi la maikromita mbili au tatu ni kama nguzo za uzio zilizoachana. Filta mpya ya karatasi inapitisha vumbi laini zaidi siku ya kwanza kuliko siku nyingine yoyote. Inaanza kukamata vizuri pale vumbi lenyewe linapoziba yale matundu na kugeuka chujio juu ya chujio. Sasa mimi kila jioni nikawa naliondoa lile vumbi linalosaidia, naianzisha upya. Filta yangu iliishi maisha yake yote katika ile siku ya kwanza mbaya. Na kila tulipoifungua, vumbi la kwenye ukingo lilidondokea upande safi. Halafu upepo wa kompresa, tena wa karibu, unatoboa karatasi matundu ambayo huyaoni mpaka umulike taa kwa ndani gizani.

Vumbi la Lugoba nalo lina ukali wake. Jiwe likipita kwenye krasha, kinachopeperuka kimejaa silika, madini yaleyale ya mchanga wa kutengenezea kioo, na ni magumu kuliko chuma cha slivu. Injini ya loda ikiwa kwenye kazi inavuta zaidi ya mita za ujazo 10 za hewa kwa dakika. Kiangazi, ukisimama karibu na mkanda wa krasha, hiyo hewa unaiona kwa macho.

Baada ya ovaholi ndipo niliponunua filta ya nyuzi laini. Nilizunguka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, kutwa nzima. Duka la kwanza waliniuzia iliyoandikwa vizuri kabisa kwenye boksi, bei laki moja na nusu, na nilipofika nyumbani nikaimulika nikaona ni karatasi tupu iliyopakwa rangi ya buluu. Iko kabatini hadi leo, sikuthubutu kuifunga. Ya pili niliipata kwa muuzaji anayehudumia mashine za migodini, laki mbili na elfu 40. Mpira wake wa kuzibia ni laini na umekaa sawasawa, mikunjo ya karatasi imelingana, na ukiielekeza kwenye mwanga unaona juu ya karatasi ung'avu hafifu, kama umande wa asubuhi kwenye utando wa buibui.

Huo ung'avu ndio unaolipiwa. Ni tabaka jembamba la nyuzi zenye unene wa sehemu mbili au tatu za kumi za maikromita moja, limewekwa juu ya karatasi upande unaoingilia vumbi. Huyeyusha plastiki ya jamii ya nailoni, huiweka kwenye umeme wa volti maelfu kwa maelfu, na umeme wenyewe unauvuta ule uji mzito kuwa uzi mwembamba usioonekana, unarushwa hewani na kutua kwenye karatasi. Muuzaji aliniambia ni teknolojia mpya. Si mpya. Wasovieti walitumia nyuzi za namna hiyo kwenye vichujio vya barakoa za gesi mwishoni mwa miaka ya 1930, na huko Marekani kampuni ya Donaldson, iliyoanza mwaka 1915 kwa kutengeneza filta ya trekta, imeuza tabaka hili kwa miongo kadhaa kwa jina la Ultra-Web. Sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo naandika kuhusu aina ya filta, siandiki kuhusu chapa moja.

Swali la kwanza nililomuuliza muuzaji ni kama matundu yakiwa madogo hivyo injini haitakosa pumzi. Hakuwa na jibu. Fundi alikuwa nalo. Uzi ukiwa mnene, hewa inagota juu yake na kupoteza nguvu. Uzi ukishakuwa mwembamba kiasi cha kukaribia umbali ambao chembe za hewa husafiri kabla ya kugongana, hewa inateleza pembeni yake bila kushikwa sana. Kwa hiyo tundu linapungua, na mzigo kwa injini hauongezeki kwa kiasi kile ambacho ungetegemea. Nilitaka kuona kwa namba, nikafunga geji ya mvuto wa hewa, ambayo namba yake hupanda kadiri filta inavyoziba, badala ya kile kiashirio cha kubadilika rangi nyekundu. Karatasi mpya, injini ikiwa na mzigo kamili, ilisoma inchi 8 za maji. Nyuzi laini mpya ilisoma inchi 9. Kikomo cha mashine yangu, pale filta inapotakiwa kubadilishwa, ni inchi 25, kwa hiyo hiyo moja ya ziada si kitu.

Kilichonigusa zaidi ni oili. Nimekuwa nikipeleka sampuli maabara kila ninapomwaga. Kabla ya ovaholi silikoni, ambayo ndiyo alama ya vumbi kwenye oili, ilikuwa sehemu 41 kwa milioni, na chuma, alama ya injini kulika, kiko juu. Sampuli ya kwanza baada ya ovaholi ilitoka 33 nikapata presha, nikidhani filta imenidanganya, kumbe gundi ya gesketi mpya nayo huachia silikoni kwenye oili siku za mwanzo. Kama umetoka kufungua injini, usihukumu kwa sampuli ya kwanza. Ya pili ilikuwa 15. Ya tatu na ya nne zikakaa 9 na 10, chuma nacho kikashuka. Hosi ya hewa nimeifungua mara mbili na kupitisha kitambaa cheusi. Mara zote mbili kimetoka cheusi kama kilivyoingia, na sikuficha furaha yangu pale mbele ya vijana.

Kuhusu kudumu, hapo muuzaji alizidisha. Aliahidi mara tatu ya karatasi. Kwangu karatasi isiyopulizwa inafika inchi 25 kwenye saa 300 hivi, na nyuzi laini zimenifikisha saa 460 mara ya kwanza, 480 mara ya pili. Mara moja na nusu. Vumbi kwenye filta hii linakaa juu juu badala ya kuzama ndani ya karatasi, na mtikisiko wa mashine unaangusha baadhi yake, ila si kwamba halijai.

Mara ya tatu iliziba kwenye saa 190, na hilo halikuwa kosa la filta. Kile kimdomo cha mpira chini ya nyumba ya filta, kinachotema vumbi zito lililorushwa pembeni na mzunguko wa hewa, kilichanika na hakuna aliyeniambia. Kikiwa wazi hivyo hewa inaingia kutokea chini, na vumbi zito linarudi juu na kutua kwenye filta. Kimdomo kinauzwa elfu 12. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza opereta anachobinya asubuhi, kabla hata ya kupima oili.

Ukipiga hesabu ya filta peke yake, nyuzi laini ni ghali. Karatasi inanitoka shilingi 300 kwa saa, hii inanitoka 520 hivi. Kwa saa 1,430 hivi nilizofanya ndani ya miezi kumi, nimelipa ziada ya laki tatu na kidogo. Nikiiweka kando ya milioni 14 sina cha kujiuliza.

Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa uzito, kwa sababu naona watu wananunua filta hii na kuiharibu wiki ya kwanza. Haipulizwi. Haipigwi kwenye tairi. Haioshwi na maji. Ile ya kwanza ilipomaliza muda wake niliichana, nikapitisha kidole kwenye karatasi nikiwa nimebonyeza kidogo tu. Tabaka likabanduka chini ya kidole, likajikunja kama utando wa buibui ukiufuta kwenye dirisha, na nyuma yake ikabaki karatasi ya kawaida ya kahawia. Kidole tu. Fikiria kompresa ya fundi matairi inaifanyaje. Ukishaipuliza mara moja umelipa laki mbili na nusu kwa filta ya elfu 90.

Opereta wangu aliniuliza, "Mama, mbona kwenye viwanda wanazipuliza kila dakika na hazifi?" Ni swali zuri. Kule kwenye mitambo ya kukusanya vumbi, filta za aina hii ziko ndani ya nyumba yake, na upepo mfupi unapigwa kutokea upande safi, kwa kipimo kilichopangwa, vumbi lililoganda juu linadondoka kwenye pipa lake bila mtu kugusa kitu. Na kule ndiko nyuzi laini zinakoonyesha uwezo wake wote, kwa sababu vumbi lililokaa juu linang'oka kirahisi kuliko lililozama. Kwenye loda hakuna mtambo wa namna hiyo. Kuna kijana na bomba la upepo, na hawezi kukisia nguvu ya ule upepo hata awe makini namna gani.

Tulikubaliana hivi: filta haifunguliwi mpaka geji ifike 25. Wiki za mwanzo ilikuwa kazi. Jioni ikifika mikono inamuwasha, anaona kama ameacha kazi nusu. Nikambandikia karatasi kwenye mlango wa kebini aandike namba ya geji kila siku akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Alipoona mwenyewe namba inakaa 11, 11, 12 wiki nzima bila kupulizwa, akatulia. Sasa yeye ndiye anayewakataza wenzake wa mashine za jirani.

Filta ndogo ya ndani, ile ya usalama, nayo ina habari yake fupi: haisafishwi kabisa, inabadilishwa kila filta kubwa tatu. Ukiikuta na vumbi, usibadilishe hiyo pekee, tafuta tundu kwenye ile kubwa au mpira ambao haujakaa.

Nani asinunue? Tipa zangu mbili zinazopeleka kokoto Dar zinashinda kwenye lami, vumbi wanaliona dakika 20 za kupakia. Nimeziacha na karatasi nzuri ya kawaida, isiyopulizwa, na sampuli zake za oili hazina tatizo. Mwenye jenereta ndani ya chumba safi naye sioni sababu. Lakini mwenye loda, eskaveta, greda la barabara ya vumbi, au kompresa inayokaa karibu na krasha, aipime kwa uzito. Tena moshi wa magari yanayosubiri kupakia, ule mweusi, chembe zake ni ndogo hata kuliko vumbi la jiwe, na karatasi tupu inazipitisha nyingi.

Filta ya nne iko kwenye mashine sasa, ina saa 300 na geji inasoma 16. Nyingine nimeshaitoa Gerezani, iko kwenye boksi lake juu ya kabati, imefungwa na nailoni, na filta ya usalama mpya pembeni yake.