Kipimajoto cha dola 3 na bunduki ya korona: maoni ya fundi redio

Haya ninawaandikia wenye mgonjwa wa shimio, yaani anayepewa dawa kali za kansa, nyumbani, hasa kama mgonjwa ni kijana. Homa nyingine za watoto sizisemei hapa. Mimi ni fundi redio, komini ya Kenya, ndani ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Kifaa kikinionyesha namba siiamini mpaka nimejua kimeipata wapi.

Binti yangu ana miaka 15. Ana Hodgkin, kansa ya tezi. Ilianza na uvimbe shingoni na jasho la usiku la kulowesha shuka, na ya katikati siyasimulii, ni marefu. Sasa kila baada ya wiki mbili anapitishiwa dawa nne kwenye mshipa. Moja ni nyekundu kabisa, na siku hiyo mkojo nao unatoka mwekundu. Tulionywa mapema, lakini mama yake alipiga ukelele hata hivyo.

Dawa hizo zinapiga kansa na zinapiga pia chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kwa kawaida chembe zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo mtu anaweza kuwa na maambukizi makali bila jipu wala usaha, maana usaha wenyewe unatengenezwa na chembe ambazo hana. Mara nyingi kinachojitokeza ni joto tu. Kwa hiyo daktari alitupa amri fupi: ikifika 38, njooni, hata kama ni usiku wa manane, na msimpe parasetamoli kwanza. Parasetamoli inashusha namba, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Ukifika hospitali, antibiotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja. (Moja ya zile dawa nne inaweza kuleta homa jioni ileile ya kupitishiwa. Tuliambiwa tupige simu hata hapo, tusijifanye madaktari.)

Basi kazi ya kipimajoto nyumbani kwetu si kutuambia kwamba mtoto anaumwa. Hilo tunalijua. Kazi yake ni kutenganisha 37.8 na 38.2 saa nane za usiku, wakati teksi ya kwenda hospitali ni pesa ya chakula cha siku kadhaa.

Tulianza na bunduki. Mnaikumbuka, ile ya kulengwa kwenye paji la uso mlangoni mwa kila duka mwaka 2020. Shemeji yangu alikuwa mlinzi wakati ule, ikabaki mikononi mwake, akatuletea kwa moyo mweupe. Binti aliipenda sana: sekunde moja, hakuna wa kumgusa, skrini inawaka kijani. Mimi niliifungua. Ndani kuna jicho linalopokea miali ya joto inayotoka kwenye ngozi, halafu hesabu inayokisia joto la ndani kutokana na hilo la juu. Sasa ngozi ya paji la uso ni kitu cha kuaminiwa? Asubuhi moja ya Julai, mnajua baridi yetu ya Julai, mdogo wake alitoka kuchota maji akapimwa 34.9. Kwa namba hiyo angekuwa anatetemeka kitandani, naye alikuwa anadai mkate. Siku nyingine binti alikaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akimsaidia mama yake kugeuza bukari, yaani ugali. Bunduki ikasema 38.2 na skrini ikawaka nyekundu. Mama yake alipoona ile nyekundu hakuuliza la pili. Kanga, daftari la hospitali, teksi. Muuguzi akampima kwapani: 36.8. Bukari tuliikuta imekauka.

Bunduki inafaa kupanga watu mlangoni. Kwa mtoto wa shimio, hapana.

Nkambo wake, yaani bibi yake, yule mwenye jina lake, alileta kile chake cha kioo chenye zebaki. Kinapima vizuri, sikisemi vibaya, lakini mgonjwa anayetapika na kurusha mikono hapaswi kulala na kioo cha zebaki kitandani. Na mkataba wa Minamata, ule wa mataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuvisafirisha. Nkambo alitaka pia tupime kwa njia ya nyuma, kama watoto wachanga. Binti alimtazama tu. Daktari naye alikataza kabisa: chembe zikiwa chini, mchubuko mdogo wa huko ni mlango wa vijidudu.

Ndipo nikanunua kile kifimbo cha plastiki chenye ncha ya chuma, dola 3 kwenye duka la dawa. Hakina jina la kujivunia. Ndani yake kuna kitu kidogo kinachobadilisha ukinzani wa umeme kadiri kinavyopata joto, na kinagusa mwili wenyewe, hakikisii kwa mbali. Nilikipima pamoja na cha nkambo kwenye kwapa langu mwenyewe, asubuhi na jioni, havikupishana hata nusu digrii. Karatasi yake inasema kinakosea kwa 0.1 tu, na mimi sina sababu ya kuibishia.

Lakini sikilizeni jambo la mlio. Kikilia "pii pii" watu wanakitoa haraka. Mlio hausemi kwamba kimefika mwisho, unasema joto limeacha kupanda kwa kasi. Kwapani bado linapanda polepole. Kausheni jasho, ncha iingie katikati kabisa, mkono ubanwe mbavuni, na baada ya mlio mhesabu dakika nyingine mbili tatu. Kwetu 37.6 imewahi kuwa 37.9 kwa subira hiyo tu. Mdomoni kinapima vizuri zaidi, ila vidonda vya mdomo vya shimio havitaki chuma, na chai ya moto inadanganya kwa robo saa na zaidi. Mkichagua kwapa baki na kwapa, maana kwapa husoma chini kuliko mdomo. Mwambieni daktari mnapima wapi.

Ugomvi haukutoka kwenye kifaa. Mama yake alikuwa anaingia usiku, anafunua shuka, anachomeka. Mtoto wa miaka 15, nywele zimeondoka, kila shangazi anaingia chumbani bila kubisha, na sasa hata kwapa lina zamu. Usiku mmoja alikaa kitandani akasema: "Papa, kwapa ni langu." Nilitoka nje kucheka, kisha nikarudi nikampa kifimbo kikae kwake. Tangu hapo anajipima mwenyewe, asubuhi na jioni, na kila akihisi baridi. Anachora kwenye daftari la hesabu: siku kwa mlalo, joto kwa wima, mstari wa kalamu nyekundu kwenye 38. Daktari siku hizi analiomba lile daftari kabla ya kutuuliza sisi kitu.

Kifimbo kina kumbukumbu: ukikiwasha kinaonyesha kipimo cha mwisho. Mke wangu aligundua hilo akawa anakiwasha kwa siri mtoto akilala. Mtoto naye akagundua. Sasa kabla ya kulala anampima mdogo wake, ili mama akute joto la mdogo. Nimeamua kutoingilia.

Usiku wa homa ya kweli hakuna aliyefunua shuka. Alikuja kubisha mlango wetu, kifimbo mkononi, umeme umekatika, tukasoma kwa tochi ya simu: 38.4. Chembe zilikuwa chini sana. Alilazwa, akapata antibiotiki, akatoka, shimio iliyofuata ikacheleweshwa. Kwa dola 3 sina deni na kifaa hiki.

Kasoro zake zipo. Skrini haina taa, mtengenezaji hajawahi kuishi mtaa unaokatika umeme. Kifuniko cha betri kinalegea, mimi nimekifunga kwa utepe. Cha kwanza kilikufa kwa sababu nkambo alikitumbukiza kwenye maji ya moto "kuua vijidudu": kipanguseni kwa pamba yenye alkoholi ya 70%, basi. Betri yake ni LR41. Wauzaji wa soko la Kenya wakikutazama tu, sema AG3, ni hiyohiyo. Wekeni moja ya akiba.

Ukinunua, kiwashwe mbele yako. Kikionyesha 98 na kitu, kimewekwa kwenye Farenhaiti. Vingi vinarudi kwenye Selsiasi ukibonyeza kitufe kwa muda mrefu. Jirani yetu alisoma 99.1 akaanza kuita kanisa. Na nunueni viwili, kimoja kikae kwenye mfuko wa hospitali.

Mimi nakipa nyota nne kati ya tano. Binti anasema tatu, na nusu ya hizo ni kwa huruma, kwa sababu kinalia kama kifaranga kilichokanyagwa na kinamwamsha mdogo wake anapompima.