Galaxy Tab A9+ mikononi mwa mwalimu: kwa kusomea safi, miamala iachie simu

Nilichoka kusoma PDF kwenye simu. Unavuta ukurasa kushoto uone mwanzo wa sentensi, unaurudisha uone mwisho, na likija swali lenye ramani ndiyo kabisa: ufunguo uko chini, ramani iko juu, na wewe unahangaika katikati. Nafundisha Jiografia sekondari, shule binafsi, kwa hiyo vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyokuja kugawiwa walimu wa serikali vilitupita pembeni. Nikajichanga nikanunua changu.

Ninayotumia ni Samsung Galaxy Tab A9+, ile ya Wi-Fi tupu, GB 64 za kuhifadhia na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, GB 4. Ilitoka Oktoba 2023 na wadogo zake wameshaingia sokoni, kwa hiyo bei yake sasa inaongeleka.

Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, vishikwambi vimejaa na kila muuzaji ana neno lake moja: "Dada, hii ni mashine." Nilikwenda na memori kadi yenye mtihani mmoja wa moko, wenye ramani ya topografia, nikawa naomba kila kifaa kinifungulie faili hilohilo. Kijana wa duka la kwanza alishangaa. "Dada, si uangalie kamera kwanza?" Nikamwambia kamera ninayo kwenye simu, mdogo wangu, nionyeshe kadi inaingia wapi. Kwenye Tab A9 ndogo, ya inchi 8.7, namba za kontua, ile mistari ya mwinuko, zilikuwa kama sisimizi, huzisomi bila kuvuta. Kwenye A9+ ya inchi 11 nilizisoma nikiwa nimekishika kawaida tu. Ni suala la rula: ukiisimamisha wima, kioo cha A9+ kina upana wa karibu sentimita 15, hivyo ukurasa wa A4 unashuka hadi saizi ya A5. Ile ndogo ina sentimita 11 na ushei. Hizo sentimita tatu na ushei za tofauti zinaonekana chache mpaka usome kurasa arobaini mfululizo.

Ukiwa hukohuko Kariakoo utaonyeshwa na vile vya bei ya kutupa, boksi limeandikwa RAM GB 12 na memori GB 512. Kabla hujatoa hela, sakinisha programu ya kuchungulia kifaa kama CPU-Z usome inachoonyesha, ulinganishe na boksi. Na hata kwenye vifaa vya heshima, ukiona "8 GB (4+4)" jua nne ndizo za kweli, nne nyingine zimeazimwa kutoka kwenye memori ya kuhifadhia, na mwendo wake si sawa. Muuzaji akikukatalia kusakinisha chochote, mshukuru, ondoka.

Sasa matumizi. Kusoma naipa tano bila kufikiri. Mitihani ya miaka iliyopita, mihtasari, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu kwenye kivinjari, vyote vinakaa vizuri. Nagawa kioo mara mbili, mtihani upande mmoja, mwongozo wa kusahihishia upande wa pili. Inakubali memori kadi ya hadi TB 1, kwa hiyo GB 64 hazijaninyima usingizi. Kwenye iPad huna hiyo nafasi, ukinunua ndogo utabaki na ndogo. RAM ya GB 4 inatosha kwa mtu mwenye nidhamu. Ukiwa na tabia ya kuacha kurasa ishirini wazi kwenye kivinjari, zingine zitajifungua upya kila ukizirudia, na kama mtandao umekata umeumia. Kwa mtu wa namna hiyo kuna toleo la RAM GB 8 na GB 128 za kuhifadhia.

Kuandika ni habari nyingine, na hapa kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Microsoft wanakuruhusu kuhariri Word bure kwenye vifaa vyenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Hii ni inchi 11. Maana yake Word inakufungulia faili usome, lakini ukitaka kugusa neno unatakiwa kulipia usajili. Tab A9 ndogo, ambayo niliiacha dukani, ingeniruhusu! Ninachofanya ni kuandikia kwenye Google Docs kwa kibodi ya Bluetooth, halafu kompyuta ya ofisini inamalizia majedwali, maana yakihama kutoka Docs kwenda Word huwa yanateguka.

Suala la intaneti ndilo lililonifundisha zaidi. Cha Wi-Fi tupu hakina sehemu ya laini, kwa hiyo unakula hotspoti ya simu au mtandao wa mahali. Hotspoti ya simu ya Android mara nyingi hujitambulisha yenyewe kwamba ni bando, na kishikwambi kinakuwa mpole. Ila MiFi, kile kidude cha laini kinachogawa Wi-Fi, haijitambulishi. Ofisini kwetu walimu tulichanga tukanunua MiFi, bando la wiki likaingizwa Jumatatu asubuhi, na kabla ya chai limekwisha. Hakuna aliyeangalia video. Vishikwambi vitatu viliona Wi-Fi, vikaamini viko kwa tajiri, vikaanza kusasisha programu zote. Mwalimu wa nidhamu alitaka kuunda kamati ya uchunguzi. Dawa ni ndogo: fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi, uuweke kama mtandao unaopimwa matumizi, kisha uende Play Store uzime usasishaji wa kujiendesha. Tangu hapo bando linafika Ijumaa.

Kwa miamala usijidanganye. Bila laini hakuna *150*00# ya M-Pesa, na hata programu za kutuma pesa nyingi zinataka kuiona laini yako ndani ya kifaa kilekile. Umeme wa LUKU nanunua kwa simu, ada napokea kwa simu. WhatsApp inakubali, unaiunganisha kama kifaa cha ziada kwa kuskani QR, na simu inabaki kuwa mama. Hapo ndipo faili za wanafunzi zinapoingilia, zinafunguka kwenye kioo kikubwa bila kuhamishwa. Ukitaka cha laini kipo, ila hicho kabla ya kulipa bonyeza *#06# na uihakiki IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Wanaokumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Projekta nayo ina kisa chake. Wapo wanaouza adapta ya USB-C kwenda HDMI wakikuhakikishia "inakubali vyote, madamu". Tundu la A9+ ni USB 2.0 na halitoi picha kwa adapta hizo za kawaida, iwe ya elfu kumi au ya laki. Picha unarusha hewani kwa Smart View kwenda runinga au kifaa kinachopokea Miracast. Projekta yetu haipokei, hivyo darasani naitegemea zaidi kwa sauti: spika nne, na tundu la hedifoni la kawaida lipo, natumbukiza waya wa spika ya shule bila kuulizana na Bluetooth.

Betri ni mAh 7,040. Siku ya vipindi inaisha na chaji bado ipo. Kuchaji ni wati 15 basi, kwa hiyo nachomeka nikienda kulala. Ukisubiri umeme ukatike ndipo ukumbuke, imekula kwako. Kwenye boksi langu kulikuwa na waya na kile kipini cha kutolea kadi, kichwa cha chaja ukanunue. Hakuna alama ya kidole, inafungua kwa sura au namba, na programu ya benki inadai namba kila mara. Uzito ni gramu 480, ongeza kava yenye stendi, halafu jaribu kusomea kitandani. Pua yangu ina maoni yake.

Jioni kifaa kinakuwa cha watoto. Nawawekea Samsung Kids, wanaona nilichowachagulia tu, na kutoka humo wanahitaji namba ya siri ambayo mdogo ameshaanza kuipeleleza kwa kusimama nyuma ya bega langu. Naibadilisha.

Mwenzangu wa Hesabu aliniuliza achukue hiihii. Nilimkatalia. Yeye anasahihisha kwa mkono, anachora maumbo, anaandika milinganyo, na A9+ haina S Pen, ile kalamu ya Samsung ya kuandikia kwenye kioo. Kalamu utakazoitumia kwa kawaida ni zile za ncha ya mpira, nene, ukiandika "8" inatoka "0". Nilimwelekeza Galaxy Tab S6 Lite, ambayo kalamu inakuja nayo ndani ya boksi, kioo inchi 10.4. Kwa Word bado imezidi kidogo ile 10.1, hilo nilimwambia. Akasema Word ataniachia mimi, yeye anataka kuchora pembetatu.