Vidonge, pakiti au chupa? Dawa za kutibu maji baada ya mafuriko

Mafuriko yakitokea, michango huanza na unga, mchele, magodoro na nguo. Maji ya kunywa husahaulika, labda kwa sababu maji yenyewe yamejaa kila mahali. Lakini visima vifupi vimefunikwa, vyoo vya shimo vimefurika, na mabomba yaliyopasuka yananyonya tope. Aprili 2024, wakati wilaya za Rufiji na Kibiti ziko chini ya maji, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini Tanzania. Mwezi uliofuata kipindupindu kiliripotiwa Kaunti ya Tana River, Kenya, baada ya mto kumwagika.

Dawa za kutibu maji nyumbani ziko za aina tatu, na watu huzinunua na kuzichangia kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa zinapimwa kwa swali moja tu: mama aliyelala kwenye darasa la shule na wanawe, ana ndoo moja, maji yana rangi ya chai ya maziwa, ataweza kuitumia dawa hii na ikafanya kazi?

Vidonge vya klorini kwanza, maana ndivyo vinavyogawiwa zaidi. Aquatabs ndilo jina linalojulikana, na WaterGuard nayo ina vidonge. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji maangavu: unakitumbukiza, unafunika, unasubiri dakika 30, unakoroga, basi. Kwa uzito na nafasi hakuna kinachovishinda. Familia ya watu watano ikitibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku, vidonge vya mwezi mzima ni vipande vitatu vya foili vyenye kumi kumi, vinaingia mfukoni. Vikikaa ndani ya foili isiyotoboka, mahali pakavu, vinadumu miaka.

Udhaifu wake ni tope. Klorini haichagui: ikikuta udongo na majani yaliyooza inajimaliza huko, na vijidudu vinabaki salama. Ndiyo maana maelekezo yanasema maji machafu yawekewe vidonge viwili. Hilo linasaidia maji yenye ukungu tu. Maji ya mto uliofurika hayaokolewi na kidonge cha pili wala cha tatu. Kipimo rahisi cha kujua: jaza maji kwenye chupa angavu ya plastiki, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kwa juu kupitia mdomo wa chupa. Herufi kubwa zisiposomeka, maji hayo yanahitaji kutuama na kuchujwa kabla ya klorini yoyote.

Tatizo la pili la vidonge linatokana na sisi tunaochangia. Vipo vya miligramu 33, 67 na 167, na vipo vikubwa vya gramu kadhaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Kwa macho, vile vidogo havitofautiani sana. Vikichanganywa kwenye mfuko mmoja, anayegawa hajui anachogawa, na anayepokea anaambiwa "kimoja kwa ndoo" hata kama ni cha lita 10. Kibaya zaidi ni kukata foili na kugawa kidonge kimoja kimoja bila maelezo. Kinafanana na dawa ya kumeza, na kuna watakaokimeza. Toa kipande kizima cha foili, kiwe na maandishi ya Kiswahili, na kama hayapo yaandike mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: KWA MAJI, LITA 20, USIMEZE.

Pakiti za unga ndizo jibu halisi la maji ya matope. Inayojulikana ni ile ya kampuni ya P&G, zamani ikiitwa PUR. Pakiti moja ya gramu 4 inatibu lita 10, na ndani yake mna vitu viwili: chumvi ya chuma inayoshika udongo na kuuzamisha, na klorini inayoua vijidudu. Mimina kwenye lita 10, koroga kwa nguvu dakika 5, acha yatulie dakika 5. Hapo ndipo inapopendeza. Udongo unaanza kujikusanya vipande vipande, vinaonekana vikishuka, na juu kunabaki maji unayoweza kuona chini ya ndoo. Yachuje kwenye kitambaa cha pamba kisichotoboka kwenda ndoo ya pili, subiri dakika 20, kunywa.

Yakibaki na rangi ya manjano au vipande havijazama, koroga tena na usubiri. Yasipobadilika, usiyanywe. Kitambaa ni suala zito kuliko linavyoonekana: kanga ya nailoni inapitisha vipande, kitenge kipya chenye nta hakipitishi hata maji. Kitambaa cha marekani au kanga nzee ya pamba iliyofuliwa, ikunjwe mara mbili au zaidi, ndiyo inayofaa. Tope lililobaki chini ya ndoo limejaa vijidudu vilivyokusanywa, kwa hiyo limwagwe chooni, mbali na watoto na kuku.

Hesabu sasa: ndoo mbili, mti wa kukorogea, kitambaa, na dakika 30 za mtu asiyeitwa na mambo mengine. Pakiti mbili kwa kila lita 20, yaani 60 kwa mwezi. Mama wa darasani ana ndoo moja. Ukimpa pakiti bila ndoo ya pili na bila mtu wa kumwonyesha mara moja kwa vitendo, umempa unga wa kutia kwenye maji. Mtafiti Daniele Lantagne na mwenzake Thomas Clasen waliangalia dharura nne, za Nepal, Indonesia, Kenya na Haiti, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo: kaya zilizotumia dawa hizi na maji yakawa salama kweli zilianzia asilimia sifuri hadi kama theluthi mbili, kutegemea mradi. Dawa zenyewe zilikuwa nzima. Kilichotofautisha ni kama watu walizizoea kabla, walifundishwa, na walikuwa na vyombo.

Chupa ya maji ya klorini, WaterGuard ile ya mililita 150, ina nguvu ya asilimia 1.25. Kofia moja ya mililita 3 kwa lita 20 za maji maangavu, mbili kwa yenye ukungu, halafu dakika 30. Chupa moja inatosha ndoo 50. Kwa nyumba iliyobaki na paa ni chaguo zuri na rahisi kuelewa. Kwa kusafirisha kwenye pikipiki au mtumbwi, hapana: inavuja, ni nzito, na jua linaiua taratibu. Iliyokaa miezi dirishani ina harufu lakini haina kazi. Soma tarehe kabla ya kununua katoni, hasa duka likikuuzia kwa bei ya kutupa.

Ikikosekana, Jik, ile klorini ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato wala sabuni hufanya kazi ileile. Yenye asilimia 3.5 inahitaji takriban mililita 1 kwa lita 20, na mililita 2 kama maji yana ukungu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha, la duka la dawa. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo "kijiko kwa ndoo" ni kama mara tano ya kinachotakiwa, na watu wakishaonja ndoo hiyo hawarudii tena dawa yoyote.

Harufu ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha. Kipimo sahihi kinaacha miligramu 0.5 hadi 2 za klorini kwa lita baada ya nusu saa, na angalau 0.2 baada ya saa 24. Afisa afya akija na kijichupa kinachogeuka pinki, hicho ndicho anachotafuta. Anayekerwa ayamimine maji kutoka chombo safi kwenda kingine mara kadhaa. Ndimu na ukwaju huondoa ladha haraka kwa sababu huivunja klorini, kwa hiyo vitiwe kwenye kikombe baada ya muda kwisha, kamwe si kwenye ndoo. Na mtungi wa udongo, pamoja na ubaridi wake mtamu, huimaliza klorini mapema kuliko plastiki.

Kwa anayechangia, basi, uamuzi wetu ni vidonge vya miligramu 67 vikiambatana na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki. Ndoo ni ghali kuliko dawa, na ndiyo watu hupunguza kwanza. Tungepunguza idadi ya familia kabla ya kupunguza ndoo. Maji yaliyotibiwa kisha yakatekwa kwa kopo lililoshikwa na mikono mitano yamerudi palepale. Ongeza mita mbili za marekani kwa kuchujia. Penye maji ya mto tu, na mtu wa kuonyesha yupo, peleka pakiti na ndoo mbili. Pasipo na pakiti, shabu hutuliza tope vizuri, mradi klorini itiwe baadaye, kwenye maji yaliyokwisha kumiminwa chombo kingine na kuliacha tope chini.

Kabla ya kununua, uliza kwa mtendaji wa kata, kamati ya maafa au Msalaba Mwekundu wanagawa aina gani tayari, ununue ileile. Aina mbili kwenye kambi moja ni maelekezo mawili, na watu watachanganya. Anayehitaji aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ili jina liingie kwenye orodha, na zahanati, ambako wakati wa kipindupindu dawa ya maji mara nyingi hugawiwa. Tanzania namba 199 ni ya Wizara ya Afya na 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Kenya, Msalaba Mwekundu ni 1199, bure.

Hakuna kati ya hizi tatu inayoondoa petroli au dawa za shambani. Maji yenye utando wa mafuta yaachwe. Vimelea wengine, kama kriptosporidiamu, hawaogopi klorini. Kwa mtoto mchanga au mgonjwa, chemsha mpaka yatokote dakika moja kama mkaa upo. Kisima nacho hakitibiwi kwa kutupia vidonge vya ndoo. Kwanza kitolewe maji na tope. Kikishajaa tena, kisima cha upana wa mita 1 chenye kina cha maji mita 3 kina kama lita 2,360, na kinataka takriban gramu 175 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, iyeyushwe kwenye ndoo kwanza, ikae saa 12 au zaidi, kisha maji yachotwe na kumwagwa mpaka harufu iishe.