Karaoke Manila: chumba cha kukodi Timog na mashine ya sarafu Marikina (uzoefu wangu)

Huu ni mwaka wangu wa sita Doha, na gereji ninayofanyia kazi nusu ya mafundi ni Wafilipino. Aliyenifundisha kazi tunamwita Kuya, yaani kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Kila Alhamisi usiku chumbani kwao lazima waimbe. Likizo iliyopita alinichukua kwao Marikina, mashariki mwa Manila. Nilimwambia maduka makubwa hata Doha yapo, mimi nataka kuona wanaume wa kwenu wakitoka kazini wanastarehe vipi. Akasema, basi jiandae kuimba.

Usiku wa kwanza tulikwenda Timog, Quezon City. Eneo lile limejaa kumbi za muziki, baa za wachekeshaji na nyumba za KTV, yaani vyumba vya karaoke vya kukodi kwa saa. Hapa msomaji uwe macho. KTV ziko za aina mbili. Zipo za familia, mnaingia wenyewe, mnafunga mlango, mnaimba. Na zipo ambazo wasichana wanaletwa kukaa na wageni, na kila kinywaji anachoagizwa msichana kinapanda kwenye bili yako kwa bei ya juu. Wanaume wengi wageni huingia humo bila kujua, wakashtuka wakati wa kulipa. Mimi sikuitaka hiyo, na Kuya ana mabinti, naye hakuitaka. Tafuta kibao kilichoandikwa "Family KTV".

Tulikuwa watu sita. Bei ilikuwa piso 2,000 kwa saa tatu, na hela yote hiyo unaila na kuinywa humohumo: mnaagiza hadi itimie, mkizidisha mnaongeza. Riyali moja ilinipa kama piso 15, hivyo piga hesabu mwenyewe. Chumba kilikuwa safi, kiyoyozi kikali, makochi ya ngozi bandia, runinga kubwa, maikrofoni mbili. Unatafuta wimbo kwenye skrini, unabonyeza, umekwisha. Sauti ilikuwa nzuri kupita kiasi, mwangwi unamfanya kila mtu aonekane mwimbaji.

Lakini maikrofoni moja ilikuwa inakatika, tukaomba ibadilishwe mara mbili, haikuja. Kubwa zaidi ni muda. Hakuna aliyekuja kutuambia saa tatu zimekwisha. Tukashtukia bili ina saa ya nne, juu yake asilimia 10 ya huduma. Kuya akazungumza nao kwa upole, kila sentensi akiimalizia kwa "po", neno lao la heshima, lakini hawakupunguza hata piso. Nyumba hiyo siitaji kwa jina. Nasema tu, mkiingia, wekeni saa ya simu iwakumbushe dakika kumi kabla. Nyota tatu, na hizo ni kwa ajili ya sauti.

Sasa njoo Marikina.

Nyuma ya nyumba ya kina Kuya kuna sari-sari, duka dogo la mtaani kama magenge yetu, la dirisha lenye nondo, sabuni na kahawa za pakiti zimening'inizwa. Nje ya duka, chini ya bati, kuna mashine ya videoke. Ni kabati la mbao refu kama jokofu, runinga juu, spika katikati, na tundu la sarafu pembeni. Piso 5, wimbo mmoja. Kitabu cha nyimbo ni kinene kama daftari la mahudhurio, kila ukurasa una plastiki, na kila wimbo una namba yake. Wimbo mmoja mwenye mashine alikuwa ameukata kwa kalamu nyekundu: My Way. Kwa miaka mingi magazeti ya kwao yameripoti watu kuuawa kwenye ugomvi uliozuka baa wimbo huo ukiimbwa, na baa kadhaa ziliuondoa. Kwa hiyo adabu inashikwa. Usimcheke anayeimba, usimpokonye maikrofoni, usiingize wimbo wako mbele ya foleni.

Wanaume wanane tulikaa duara kwenye viti vya plastiki. Unywaji wao unaitwa tagay: bilauri ni moja tu, mtu mmoja, tanggero, ndiye anayemimina, na inazunguka kila mtu kwa zamu. Usiku ule ilikuwa pombe ya jini, ya Ginebra. Mimi ni Mwislamu, sinywi, na nilikuwa na wasiwasi nitaonekana nawadharau. Tanggero alikuwa mjomba wake Kuya, Tito. Kabla hata sijafungua mdomo, alisuuza bilauri ya pili, akaifudikiza juu ya leso yake safi hadi ikakauka, akaigeuza na kunimiminia maji ya kalamansi, kindimu chao kidogo cha duara. Basi zamu yangu ilipofika nilipewa changu, na nilingojwa nimalize kama wengine. Kitendo kile kilinigusa sana.

Kitafunio cha kunywea wanakiita pulutan, na mfalme wake ni sisig ya kichwa cha nguruwe, iliyopata umaarufu Angeles, Pampanga. Asiyekula nguruwe aulize sisig ya bangus. Bangus ni mwatiko! Samaki wetu yuleyule wa Tanga na Pemba, umechambuliwa miiba, umekatwakatwa na kitunguu na pilipili, unakuja kwenye sahani ya chuma bado unachemka. Niliagiza mara mbili, na mara ya pili ya sufuria yake peke yake, isiyogusa mafuta ya nguruwe.

Tito alinihadithia kwa fahari kwamba karaoke ni yao. Wajapani wanamtaja Daisuke Inoue, aliyetengeneza mashine yake Kobe mwaka 1971 lakini hakuiwekea hataza, yaani hati ya kisheria ya kulinda uvumbuzi. Mfilipino Roberto del Rosario ndiye aliyepata hataza, 1983 na 1986, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya kwao ilirudisha zuio dhidi ya kampuni aliyoishitaki kwa kumwigia. Mimi niko upande wa Tito.

Kila wimbo ukiisha tarumbeta zinalia na mashine inatoa alama. Kuya, mwenye sauti tamu kuliko wote, alipata 83. Tito, mwenye sauti ya msasa, 98. Hakuna aliyebisha. Ila Tito alipoimba wimbo wa mapenzi wa zamani, macho kayafumba, mkono kifuani, wote tulinyamaza, hata watoto waliokuwa wakicheza kikapu barabarani walisimamisha mpira. Mkewe alikufa miaka miwili kabla. Nyumbani sijawahi kuona wanaume wazima wakimwacha mwenzao alie hadharani namna ile, kisha bilauri ikaendelea kuzunguka.

Saa nne usiku mashine inazimwa, amri ya barangay, yaani serikali ya mtaa. Nenda mapema. Nyota tano, na beba sarafu za piso 5 za kutosha, maana mimi zangu ziliisha saa tatu nikaanza kuwaazima watoto wa kikapu.